Picha ya Ubongo Imefika Hospitalini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyeandaliwa endapo nisingefika, na kwa kuwa nimefika, kaa. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Uzinduzi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati Kuu. Ndugu Mjumbe ambaye kiti chako naona kipo ila wewe hupo. Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali hii pamoja na wasaidizi wako wote mliosimama kwa kukosa viti. Daktari wetu wa mishipa ya fahamu, msomi, mtu wa watu, ingawa leo uso umeukunja kama shuka lisilopigwa pasi. Wauguzi, wafamasia, madereva wa gari la wagonjwa, mafundi wa chumba cha kufulia. Wagonjwa wa ndani, wagonjwa wa nje, na wagonjwa ambao bado hamjajijua. Mabibi na mabwana. Na kama kuna mtu nimemsahau, anisamehe, kwani kusahau ni ugonjwa, na ugonjwa ndio uliotuleta hapa.

(Kicheko. Sauti kutoka nyuma: "Umemsahau mama!")

Nimemsahau mama yupi? Katibu, mama yupi? Aa! Ukurasa wa pili. Naam, Mama Mshonaji! Ndugu wananchi, mama huyu mnayemwona hapa mbele ndiye aliyeshona mashuka, mapazia na sare za hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na uzi ukakataa kabisa kupita kwenye tundu la sindano. Leo ndiye mgonjwa wetu wa kwanza. Amevaa gauni la wodini ambalo, naambiwa, alilishona kwa mikono yake mwenyewe, na ile mishono bado imenyooka. Mpigieni makofi! Na mwoneni, tayari ananipungia mkono. Asante, mama yangu, asante, nimekuona!

(Makofi. Binti wa Mama Mshonaji, msusi wa nywele mwenye kitana bado kichwani, anasema kwa sauti: "Hakupungii, Mheshimiwa. Anatetemeka.")

Vyema. Kutetemeka nako ni kupunga mkono, tofauti ni nia tu.

Sasa, kwa mujibu wa faili nililoletewa, ambalo nimelisoma lote kuanzia jalada, mama huyu kwa miaka minne amekuwa akimeza vidonge vya ule ugonjwa wa kutetemeka unaoula ubongo polepole. Daktari wa kwanza alisema ndio wenyewe. Daktari wa pili akasema hapana, huu ni mtetemo wa kawaida wa kurithi, hata bibi yake alikuwa akimwaga chai. Daktari wa tatu akasema tusubiri tuone. Wakati tukisubiri kuona, vidonge vikaanza kumwonyesha mama mambo yasiyokuwepo, hata wiki iliyopita alimkaribisha sebuleni mgeni ambaye hakuna mwingine aliyemwona, akamwekea na kigoda. Wataalamu wanasema picha ya ubongo peke yake ndiyo itakayomaliza ubishi: aendelee na vidonge, au avitupe.

(Binti: "Hilo tu ndilo tunalotaka, Mheshimiwa! Tuambiwe, ni vidonge au sivyo?")

Subira, binti yangu. Subira yavuta heri.

(Mama Mshonaji anainua mkono, safari hii kwa makusudi: "Baba, samahani. Mimi sijatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Nesi alisema dawa ya kipimo haitaki tumbo lenye chakula. Nitachomwa sindano saa ngapi?")

Mara tu baada ya hotuba, mama.

(Sauti: "Basi kesho!" Kicheko kirefu.)

Ndugu wananchi, turudi nyuma kidogo ili twende mbele. Mtakumbuka kwamba mwaka jana nilisimama papa hapa, katika uwanja huu mdogo kati ya maabara na chumba cha kufulia mashuka, nikatamka maneno ambayo yaliandikwa na Katibu, yakapigwa muhuri, yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na dirisha la dawa, nayo ni haya, nanukuu: "Kabla mwaka haujaisha, hospitali hii itakuwa na picha ya ubongo." Mwisho wa kunukuu. Naomba myashike maneno hayo kama yalivyo, moja moja, kwa mpangilio wake, kwa sababu mimi si kiongozi wa kuzungusha maneno. Ahadi ni deni, na leo, chini ya kitambaa kile cha bluu mnachokiona, deni limelipwa!

(Makofi makubwa na vigelegele. Wafuaji wa mashuka wanagonga ndoo.)

Asanteni. Acheni ndoo. Sasa niwaelimishe, maana elimu ndiyo msingi wa uelewa, na uelewa ndio msingi wa elimu. Wengine mliposikia neno "nyuklia" mlitaka kuhama mtaa. Nimeambiwa kuna baba mmoja alifunga godoro kwenye baiskeli. Tulieni! Hili si bomu. Bomu hulipua, hii huchungulia. Teknolojia hii ya kisasa, ambayo ni sehemu ya mkakati wetu shirikishi, jumuishi na endelevu wa kuona ndani ya vichwa, hufanya kazi ifuatavyo: mgonjwa huchomwa dawa kidogo yenye mionzi myepesi, dawa ile hupanda mpaka kwenye ubongo, hutafuta mahali penye kazi ikakaa hapo, kisha mashine yenye umbo la pete hutazama imekaa wapi na wapi imepakimbia. Panapofanya kazi huonekana pekundu na njano. Palipolala huonekana peusi. Hapo daktari hutambua: huyu ana ugonjwa wa kusahau, huyu ana kifafa kimejificha kona ile, huyu mikono inamtetemeka kwa sababu hii wala si ile. Bila kisu! Bila kumpasua mtu! Daktari, nimesema sawa?

(Daktari wa mishipa ya fahamu: "Hapo, Mheshimiwa, umesema sawa kabisa." Anaonekana kushangaa mwenyewe.)

Nilijua. Na utafiti wetu, uliofanywa na kamati ya wataalamu tisa wakiwemo wawili waliosoma, umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya wananchi wa eneo hili wana ubongo, lakini asilimia tisini na tisa nukta nane hawajawahi kuuona. Hii ni aibu ya kihistoria. Lengo letu, kwa mujibu wa rodimapu yetu ya mipango, ni kwamba ndani ya miaka mitano kila mwananchi aliye na ubongo awe ameonana nao ana kwa ana.

Sasa naomba niwe mkweli, kwa kuwa uwazi ni nguzo yetu. Dawa hii ina kasoro moja ndogo ambayo lazima muijue. Imeandikwa hapa kwamba... Katibu, hapa pameandikwa nini? Naam. Imeandikwa kwamba ina nusu-maisha ya saa mbili. Kwa hiyo, ndugu zangu, mgonjwa atakayechomwa atapata nusu maisha, ambayo atapewa kwa saa mbili.

(Mguno mkubwa. Watu watatu wanasimama. Sauti: "Nusu? Sisi tumezoea maisha mazima!" Binti: "Mama, inuka twende nyumbani!" Mama Mshonaji: "Kaa, mwanangu. Nusu ya kujua ni bora kuliko nzima ya kubahatisha.")

Tulieni! Kaeni! Daktari, mbona unaruka kama umekalia siafu?

(Daktari: "Mheshimiwa, nusu-maisha ni ya dawa, si ya mgonjwa! Maana yake ni kwamba kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya nguvu ya dawa inakuwa imepotea. Inabaki nusu, kisha nusu ya nusu, kisha robo ya nusu, mpaka inakwisha. Ndiyo maana dawa ikifika haitakiwi kucheleweshwa hata kwa hotuba.")

Mmesikia? Ndivyo nilivyosema mimi, ila yeye ameongeza chumvi. Inabaki nusu, kisha nusu ya nusu. Hii, ndugu zangu, si kasoro, hii ni falsafa! Ndivyo serikali yoyote makini inavyofanya kazi. Jambo huanza zima, likapita meza ya kwanza likabaki nusu, likapita meza ya pili likabaki nusu ya nusu, likapita kwenye semina likapunguzwa tena, mpaka linapomfikia mwananchi limechujwa, limetakaswa, jepesi kubeba. Wahenga walisema nini? Bandu bandu!

(Umati: "Huisha gogo!" Sauti: "Na gogo lenyewe limeshaisha!" Kicheko.)

Hasa! Limeisha! Mnaona jinsi mnavyoelewa mkieleweshwa?

Nisingependa kujisifu, kwa hiyo nitasema ukweli tu. Ili kuileta picha hii, mimi na ujumbe wa watu kumi na mmoja tulisafiri nje ya nchi wiki tatu kwa ajili ya fizibiliti, yaani kuchunguza kama jambo linawezekana. Tulilala katika hoteli ambazo maji ya moto yalitoka yenyewe. Tulivumilia. Tulitembelea hospitali yenye korido ndefu, nyeupe, isiyo na mgonjwa hata mmoja aliyelala sakafuni, nikajiuliza hawa wagonjwa wao wamewaficha wapi. Na wenyeji wetu walipouliza ni nani kati yetu angependa kuonyeshwa kipimo kwa vitendo, wenzangu wote walitazama viatu vyao. Nani alijitokeza? Nani alijitoa mhanga kwa ajili yenu?

(Katibu: "Ni wewe, Mheshimiwa.")

Ni mimi! Nilikaa saa sita nzima bila kifungua kinywa. Saa sita! Enyi mnaolalamika, jaribuni siku moja muone. Tumbo liliunguruma kama lori mlimani, lakini niliwafikiria ninyi. Nikachomwa, nikalazwa, nikaingizwa kwenye pete, nikatoka. Na daktari bingwa wa kule, mtu mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, aliutazama ubongo wangu kwenye kioo kwa muda mrefu, akamwita mwenzake, wakautazama wote wawili, kisha akanigeukia na kuniambia maneno ambayo sitayasahau maisha yangu yote: "Mheshimiwa, tumetafuta kila mahali, hatukuona kitu."

(Kicheko kinachoanza nyuma na kufika mbele. Mfuaji mmoja anakaa chini akishika mbavu.)

Furahini, furahini! Mnayo haki ya kufurahi mkiwa na kiongozi ambaye kichwani hakuna kitu kilichoonekana.

(Kicheko zaidi. Mama Mshonaji naye anacheka, kisha anashika tumbo. "Jamani msinichekeshe, njaa inauma nikicheka." Nesi anamletea kikombe cha maji. Nusu yanamwagika njiani kutoka mkononi kwenda mdomoni, na binti anamshikia kikombe.)

Mama yangu, vumilia. Unakaribia kuingia kwenye historia.

(Mama Mshonaji: "Baba, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?")

Maneno mazito! Katibu, yaandike hayo, tutayatumia kwenye mkutano wa lishe.

Ndugu wananchi, wakati umewadia. Ningeweza kuifungua mwenyewe, maana mikono ninayo, lakini mimi ni mtu wa watu wa chini, nikaona heshima hii tumpe mgonjwa. Mama Mshonaji, sogea. Msaidieni mama. Shika kamba hii hapa. Usiogope kutetemeka, mama, tetemeka tu, kamba ya pazia inapenda kutikiswa. Wapiga picha, mkae upande wangu huu wa kushoto. Haya, moja, mbili...

(Mama Mshonaji anaishika kamba kwa mikono miwili. Kamba inacheza, pete za pazia zinalia. Anavuta. Kitambaa kinakwama, anavuta tena, kinaanguka. Chini yake kuna tenki kubwa la maji la plastiki, na mbele ya tenki, kwenye fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu, kuna picha: kichwa cha mtu kilichokatwa katikati, chenye rangi nyekundu, njano na nyeusi. Chini pameandikwa: "Ubongo wa Mheshimiwa.")

Naam! Nawaona mmepigwa na butwaa. Hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikosa la kusema, na mnajua hilo kwangu si jambo la kawaida. Tazameni rangi hizo! Itatundikwa ukutani katika Chumba Namba Tisa, ambacho tayari kina mlango, kufuli, na kibao cha "Usiingie".

(Binti: "Mheshimiwa, mashine iko wapi?")

Mashine? Mashine ipi?

(Binti: "Ya kumpima mama yangu!")

Binti yangu, hapa lazima tuwe makini na lugha. Katibu, soma ile nukuu. "Hospitali hii itakuwa na..." Na nini? "Picha ya ubongo." Picha. Ya. Ubongo. Nani alitaja mashine? Iliahidiwa picha, imekuja picha. Iliahidiwa ya ubongo, na ule ni ubongo, kama kuna mwenye shaka amuulize Daktari. Daktari, ule si ubongo?

(Daktari, polepole: "Ni ubongo, Mheshimiwa. Umewekwa juu chini, lakini ni ubongo.")

Mmesikia kwa mtaalamu! Tutaugeuza katika awamu ya pili. Sasa, kabla jua halijatuunguza zaidi, tupaze kaulimbiu yetu mpya kwa pamoja. Mimi nikisema "Nusu leo", ninyi mseme "Nzima kesho". Nusu leo!

(Sauti tatu: "Nzima kesho.")

Sijasikia! Nusu leo!

(Sauti moja: "Kesho ya lini?")

Ubongo wangu!

(Umati: "Ukuta wetu!" Haijulikani nani alianzisha.)

Safi, hiyo ni bora kuliko ya kwangu! Imebaki shukrani, na sitakuwa mchoyo. Naishukuru Kamati ya Milango, iliyopima mlango wa Chumba Namba Tisa na kugundua kwamba pete ya mashine isingepita, wakatuokoa na pete. Naishukuru Kamati ya Vitanda, iliyoona kwamba hospitali vitanda inavyo tayari, wakatuokoa na kitanda. Naishukuru Kamati ya Dawa, ambayo baada ya kuelezwa kwamba dawa inapungua nusu kila saa mbili, na faili letu hukaa kila meza miezi saba, wakaona hata ikiagizwa itafika chupa tupu, wakatuokoa na dawa. Naishukuru Kamati ya Mafunzo, iliyoamua kwamba hakuna haja ya kumfundisha mtu kuendesha mashine ambayo haipo. Kwa umoja huo, tulibakiwa na picha peke yake, na hatukuhitaji hata kuandika barua moja ya kuagiza mashine, wala hatukuiandika, wala haikuwahi kuwemo kwenye orodha. Namshukuru fundi seremala kwa fremu. Namshukuru Mkuu wa shule ya jirani kwa kutuazima tenki la kuegemezea, na namwahidi litarudi leo hii, maana wanafunzi hawajanawa tangu asubuhi.

(Watu wanaanza kuinuka. Viti vinakwaruza ardhi. Mama Mshonaji bado amesimama mbele ya picha, kamba mkononi. "Baba, kwa hiyo vidonge vyangu? Nivimeze au nisivimeze?")

Swali zuri sana, mama, na linaonyesha ushirikishwaji. Kwa kuwa wapo wanaosema ndio wenyewe na wapo wanaosema sio, msimamo wa ofisi yangu ni wa maridhiano: meza nusu.

(Daktari, akiwa amepanda juu ya kiti: "Hapana! Mama, usipunguze hata kimoja bila mimi! Njoo chumbani kwangu, tutazungumza, wewe na binti!" Kipaza sauti kinalia. Umati unazomea, kisha unanyamaza, na watu wanaingiza mikono mifukoni.)

Nimemaliza, ndugu zangu. Naona wengi mmenyamaza kwa kuguswa, na mikono yenu mmeiweka mifukoni, sawa, si kila shukrani ni ya kelele. Lakini mtazameni mama yule pale mbele! Wengine wote wamechoka, yeye ana njaa tangu jana, na bado mikono yake haijatulia, ananipigia makofi mpaka dakika hii. Asante, Mama Mshonaji. Asante sana, inatosha. Sasa unaweza kwenda kula.